Siku Niliyokuwa Mlango

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani. Siyo ugomvi, ni heshima. Ukimuona anakuja njiani unaingia kwenye mihogo ya watu mpaka apite, na yeye akikuwahi anaingia kwenye mtama. Mimi nimeshaingia kwenye michongoma, nimeshaingia kwenye mtaro, na siku moja niliingia kwenye choo cha jirani ambacho kilikuwa na mwenyewe ndani. Kupeana mkono hamna. Kula pamoja hamna. Kiti alichokalia hukikalii. Miaka yote niliyokaa na mke wangu, mama yake nilimjua kwa vitu viwili tu: sauti yake, na kisigino chake, maana ndicho nilichokuwaga nakiona kikiishia kona nikifika pale nyumbani.

Sasa mtu kama huyo akiumwa titi, wewe mkwe unaingilia wapi?

Mimi ni fundi simu, nina kibanda mtaa wa Iringo na nimepanga mtaa wa Nyasho. Shule niliishia kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia alinitabiria kwamba mimi na umeme hatutaelewana, nikafungua kibanda ili kumkomoa, na mpaka leo shoti zinanipiga kama zimetumwa na yeye. Lakini simu za watu zinapona. Isipokuwa ya mke wangu. Betri yake ilikuwa imevimba, kila siku naahidi kesho. Mke wa fundi ndiye mteja anayengojaga kuliko wote.

Habari ilikuja kwa simu hiyohiyo. Jirani wa kule kwao Butiama alipiga akasema mama amekuwa akificha kitu muda mrefu. Uvimbe kwenye titi. Alikuwa anaufunga na kanga, anapaka dawa za majani, anaendelea kulima. Sasa umepasuka umekuwa kidonda, na ukikaa naye karibu unasikia harufu. Hospitali ya Mwanza amekataa. Amesema hawezi kupanda gari kwenda kufa kwa watu asiowajua. Kitu kimoja tu amekubali: pale kituo cha afya cha kwao walikuwa wameletewa mtambo, daktari bingwa akiwa Mwanza unamwona kwenye kioo na yeye anakuona, mnaongea. Mama akasema hicho sawa, kwa sababu jioni atarudi kufungia kuku wake. Bingwa akimwona na akimpa rufaa, labda atakubali kwenda, maana atakuwa anakwenda kwa mtu aliyeshamwona. Asipomwona, basi, kidonda kitammaliza pale kwenye mihogo. Na huyo bingwa alikuwa anakaa kwenye kioo siku moja tu ya wiki.

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa juzijuzi tu, hata kuinuka kitandani alikuwa anashika ukuta.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Mimi? Kwa mama yako? Na mambo ya titi?"

"Kwani nina mume mwingine amejificha wapi? Nenda. Wewe kaa nje. Mimi nitakuwa kwenye simu, nitatafsiri."

Maana mama hakujua Kiswahili. Alijua shikamoo na bei ya dagaa, basi. Kizanaki ndiyo lugha aliyolima nayo, akazalia nayo, akasalia nayo.

Nikaenda. Kumbeba mama mkwe kwenye pikipiki kwetu hakuna hata wa kuliuliza jambo hilo, kwa hiyo tukakodi mbili. Mimi mbele na dereva wangu, yeye nyuma na bibi jirani, wamekaa mshikaki. Njia yote sikugeuka. Vioo vya pikipiki nilimwomba dereva avigeuze viangalie juu.

"Sasa nikigongwa na gari nyuma?" akaniuliza.

"Tutajua kwa kishindo."

Yule bibi jirani ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kunitania, kwa sababu kwa umri wake mimi ni mjukuu, na bibi na mjukuu ni watani. Tulipofika kituoni akashuka akipiga kelele kwa kikwetu: "Mume wangu! Mbona shingo imekauka kama ya tausi? Geuka basi nikuone, mimi siyo mkweo!"

"Bibi, nikigeukia wewe na yeye yuko hapohapo."

"Hee! Kwa hiyo mimi leo ni mjane."

Chumba cha mtambo kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Mama na bibi wakaingia, mimi nikabaki nje, mgongo kwenye fremu ya mlango, mlango umeachwa wazi kidogo. Tabibu alikuwa kijana mpole, mgeni, ametoka Tanga. Nesi anayejua Kizanaki alikuwa likizo. Nikampa tabibu simu yangu, mke wangu akiwa hewani upande wa pili, spika imefunguliwa. Nikasikia mtambo unalia, halafu sauti ya mwanamke, imetulia, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi: "Habari ya huko Butiama? Mama, karibu."

Mke wangu akatafsiri. Mama akajibu. Salamu zikaenda zikarudi, Mwanza, Butiama, Nyasho, Butiama, Mwanza. Nikasema moyoni, kumbe hivi vidubwasha ninavyovifungua kila siku vinaweza kufanya hivi. Nikaanza hata kujisikia kama mtambo ni wa kwangu.

Daktari akauliza swali la kwanza la maana, huo uvimbe ulianza lini. Mke wangu akaanza, "Mama, anauliza..." Simu ikalia tiii. Kimya.

Betri.

Tabibu akapiga tena. Haipatikani. Akatoka nje akanikuta naangalia dari.

"Kaka, ingia utafsiri."

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

"Sasa si ndiyo vizuri? Ni ndugu yako."

"Kaka, huko Tanga mna bahari. Huku sisi tuna wakwe. Usiiogelee usiyoijua."

Hakucheka. Kwenye kioo daktari akauliza kuna nini huko, wenzetu wa Bunda wanasubiri na wao wana mgonjwa. Tabibu akasema mtafsiri amekatika, na huyu wa nje hataki kuingia. Nikasikia kanga zinavutwa ndani. Mama alikuwa anajifunga. Alishaelewa bila kutafsiriwa kwamba neno limekosa mtu wa kulibeba, na alikuwa anaondoka zake kwa kuku wake.

"Kaa chini," bibi akamwambia. "Umelala na hicho kidonda, leo utashindwa na aibu?"

"Siyo aibu yangu, ni ya mtoto wa watu yule. Atayasikiaje haya?"

Hapo mimi nilijua kwamba akivuka kile kizingiti harudi tena. Nikafunga macho, maana ndiyo njia angepita, nikakaza miguu. Mimi ninayeongeaga mpaka wateja wanaacha chenji ili waondoke, nilikosa neno.

Nyayo zikasimama karibu kabisa na mlango, upande wa ndani. Halafu nikasikia sauti yake, haikunielekea mimi.

"Mlango."

Kwetu zamani, mkwe na mkwe wakibaki peke yao na kuna jambo la lazima, maneno yanapitishwa kwenye kitu. Nilishasimuliwa mzee mmoja alivyomwambia mbwa, mama mkwe wake akiwa nyuma ya kichaka: "Mbwa, mwambie mama ng'ombe wameingia kwenye ulezi." Mbwa amelala, lakini mama ametoka mbio. Sikuwahi kufikiri nitaiona kwa macho yangu. Kwa masikio yangu, niseme.

"Mlango," akarudia, "mwambie yule mtu wa kwenye kioo nipo. Aulize."

"Mlango umesikia," nikasema. Halafu kwa Kiswahili nikapaza sauti: "Daktari, yupo. Uliza, nitatafsiri kutokea hapahapa nje. Ila usiniite jina wala usiniulize mimi ni nani. Mimi ni mlango."

"Sawa," daktari akasema. "Mlango, muulize hilo titi lilianza kuvimba lini."

Sasa hapo. Neno lenyewe lipo kwenye lugha yetu, kila mtoto analijua, lakini nilitamke kwa mama mkwe? Ulimi uligoma kabisa. Nikaangalia mjusi kwenye ukuta, mjusi akaniangalia. Nikasema: "Mama, daktari anauliza, pale mwanao alipokula mara ya kwanza, kabla hajajua ugali, pamevimba tangu lini?"

Mama akasema taratibu, "Mlango huu umesomeshwa."

"Kidato cha pili!" bibi akadakia.

Tukaenda hivyo. Tangu mvua za mwaka juzi. Halikuuma mwanzoni, ndiyo maana. Limetoa maji, baadaye damu. Kwapani kuna kitu kama punje za mahindi. Daktari akamwomba tabibu asogeze kamera, afungue kidonda, ageuze taa. Harufu ikanifikia pale nje, nikaelewa kwa nini jirani alisema anakaa mbali na watu kanisani. Mimi nikaweka paji la uso kwenye ukuta. Nilikuwa nasikia kila kitu na nilikuwa sioni kitu, na nakuambia kusikia tu ni kuzito kuliko kuona, kwa sababu hata ukifunga macho hakupungui.

Halafu daktari akauliza: "Kwenye ukoo wao yupo mwingine aliyeumwa hivi? Mama yake mzazi, dada zake?"

Nikatafsiri.

"Hamna," mama akajibu haraka.

"Hamna, daktari."

"Muulize tena taratibu. Mwambie simuulizi kwa ajili yake peke yake. Ugonjwa huu mwingine unatembea kwenye damu ya familia. Kama upo, binti zake inabidi wapimwe mapema, kabla hata uvimbe haujaonekana. Ana binti?"

Hilo sikulitafsiri. Nilijibu mwenyewe, mlango ukasahau kuwa mlango. "Anaye mmoja. Ndiye mke wangu."

"Na yeye ana mtoto wa kike?"

"Amemzaa juzi."

Nikamtafsiria mama maneno yote, la binti, na la damu kutembea.

Nieleze kitu hapa. Kwetu kabla hujaoa, wazee wako wanakwenda kuuliza nyumba ile ikoje. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wanawake wanaooza kifua? Kukiwa na kitu, wazee wanashukuru kwa uji, wanachukua fimbo zao na hawarudi. Wangu walikwenda. Waliambiwa nyumba safi. Kwa hiyo mama alikuwa anajua vizuri: akisema ukweli kwa daktari, lazima upite kwangu. Mwanaume aliyeambiwa nyumba safi ndiye aliyesimama katikati ya yeye na kioo.

Mtambo ulikuwa unanguruma kidogokidogo. Mbali huko mtoto wa mtu alikuwa anachomwa sindano, analia.

"Mlango."

"Naam."

"Una masikio?"

Sikutaka kutania. Nakuapia sikutaka. Lakini mdomo wangu haunaga leseni. "Mlango hauna masikio, mama. Una bawaba tu, na zenyewe zina kutu."

Bibi alicheka kidogo puani. Mama alivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua kuni.

"Basi mwambie. Mama yangu alikufa nalo. Dada yangu mkubwa akafa nalo. Mdogo wangu, yule waliyesema amerogwa na mke mwenza, ni hilihili. Tuliwaosha wenyewe, tukafunga mlango, tukawaambia watu ni kikohozi. Tulifunika ili wasichana waolewe. Mwambie hivyo."

"Mimi niliwaosha nao," bibi akasema, na safari hii hakuwa anatania mtu.

Nikatafsiri. Kiswahili kilinyooka siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kukisema. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie ahsante. Mwambie alichosema ni kikubwa, na kwamba nikimwona huku nitamkumbuka." Nikasikia vidole vinagonga vitufe. Rufaa haikuwa karatasi. Tabibu alisema jina la mama limeshafika Mwanza, linamsubiri huko kitandani. Mama aliposikia hilo akauliza mara mbili: jina langu limeshafika? Halafu akasema, basi nitalifuata.

Alilifuata wiki hiyohiyo, na kaka wa mke wangu.

Mimi nikarudi Nyasho. Mke wangu akaniuliza mama kasema nini, nikamweleza uvimbe, nikamweleza kidonda, nikamweleza rufaa. La ukoo sikusema. Nilishasema mlango hauna masikio, na mama aliongea kwa sababu ya neno hilo. Lakini nilikuwa naingia ndani namkuta mke wangu ananyonyesha, kichwa amekiegemeza ukutani, anaimba nusu wimbo nusu usingizi, na mimi naangalia pale mtoto anapokula mara ya kwanza. Natoka nje. Najifanya nimesahau bisibisi. Ile betri niliibadilisha siku niliyorudi, na nyingine ya akiba nikanunua, kama vile shida ilikuwa betri.

Kibandani wateja wakaanza kuniuliza. "Fundi, siku hizi hutupigi stori?"

"Nipo kwenye saileti," nawajibu. Wanacheka. Utani wangu pekee wa wiki zile ulikuwa huo, nikautumia mpaka ukachuja.

Mara nyingi niliandika meseji kwa mke wangu, niko Iringo yeye yuko Nyasho, halafu naifuta. Hata niliwaza kama ile simu isingezima. Mama angekuwa anaongea na binti yake mwenyewe sikioni. Angeulizwa hilo swali na sauti ya mwanae aliyemzaa. Nafikiri angesema hamna, na ingebaki hamna.

Siku moja niko kwenye kuchomelea waya kwa risasi, simu ikaingiza voisi kutoka namba nisiyoijua. Nikaifungua huku mkono mwingine una waya. Kwanza sauti ya mwanaume: "Bosi, mimi namuuguza mke wangu hapa Mwanza, kuna bibi kitanda cha jirani kanionyesha namba yako kwenye karatasi, kaomba kwa ishara nikurekodie." Kisha kukohoa. Kisha Kizanaki.

"Mlango. Wamenikata. Nimeamka nimejishika, hamna. Dawa yao inachoma lakini uji wanatoa. Mlango, humu nimelala na wasichana wadogo kuliko mwanangu, nywele hawana. Mmoja ananiitaga mama. Nilikuuliza kama una masikio ukanidanganya. Najua unayo, nakuonaga masikio yako makubwa kila ukikimbilia kwenye mihogo. Sasa funguka. Mwambie mwanangu yote niliyosema, usinipunguzie. Nikimwambia mimi nitalia, na yeye atalia, na mtoto atakosa maziwa. Mwambie wewe. Na ile simu yake itengeneze, fundi gani wewe?"

Niliweka chuma cha kuchomelea chini, kwenye kidole changu. Sikusikia.

Yaani aliniona! Miaka yote ile mimi najificha na yeye ananiona.

Nilifunga kibanda mchana kweupe nikaenda nyumbani. Sikuwa na ujanja wa kulisema, nikamwekea mke wangu ile voisi, halafu nikamweleza yaliyobaki, mama yake mama, mama mkubwa, mama mdogo aliyesemwa amerogwa. Akasikiliza. Akamhamisha mtoto upande wa pili.

"Tangu siku ile ulijua?"

"Nilikuwa mlango."

Hakucheka. Akarudisha voisi nyuma akaisikiliza tena, hasa pale pa uji. Akalia, lakini maziwa hayakukata. Siku ile wala kesho yake hakuniongelesha sana, na mimi sikudai.

Mama alirudi Butiama. Alikaa mpaka akamwona mjukuu anatambaa kufukuza kuku wake. Kisha ugonjwa ukamrudia mgongoni, na hapo hakukuwa na kioo cha kumsaidia. Mazishini sisi wakwe tulisimama mbali, kwenye mawe makubwa, tumegeuka. Picha yake iliyowekwa mbele ya jeneza sikuiangalia. Mpaka leo sura yake siijui. Sauti ninayo, nimeihamisha kwenye simu tatu sasa, ya kwanza ikiharibika ya pili inayo.

Baada ya matanga mke wangu akapata meseji kwamba wataalamu wanakuja Bunda kupima akina mama. Alinionyesha. Asubuhi tukapanda gari, mtoto mapajani. Pale hospitali foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamekaa na kanga zao kifuani wanaongea habari za pamba ili wasiongee habari nyingine. Zamu yake ilipofika, nesi akaita. Mke wangu akainuka na mtoto, na mimi nikainuka, nikaenda mpaka kwenye fremu, nikageuka nikaegemeza mgongo, macho kwenye dari. Miguu ilijipeleka yenyewe.

Akasimama ndani. "Unafanya nini hapo?"

"Nakusubiri hapa mlangoni."

Akagonga ubao kwa vidole. "Mlango wenyewe huu hapa, wa mninga. Mzima, una hadi kitasa." Akanipa mtoto. "Wewe ingia."

Nikaingia. Daktari alikuwa ameshawasha mashine, kioo kinang'aa kwenye giza la kile chumba. Akampaka mke wangu mafuta ya baridi, akaanza kupitisha kile kidude taratibu, na mke wangu akanishika mkono. Safari hii niliangalia.